Lori la Magitaa

Lori lilipoanza kugeuka mbele ya nyumba ya muziki, vijana walidhani linatafuta kivuli tu. Wageni walikuwa wameshapanda magari yao na kushika njia ya kurudi Lilongwe, na vumbi lao bado lilielea juu ya mabati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Vijana waliendelea kujaribu vyombo vipya: magitaa, ngoma, na kinanda kikubwa cha umeme kilichong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kisha wanaume wawili wakateremka kutoka lorini na kuanza kukusanya. Mmoja alimfikia Kankindi, msichana mwembamba ambaye asubuhi nzima hakuwa amemwachia mtu gitaa lake, akaushika mkanda begani kwake na kuuvua polepole, kwa adabu, kama muuguzi anavyomvua mgonjwa shati.

"Munapeleka wapi?" aliuliza Benedicte, mwalimu wao wa kuimba.

Aliyejibu alikuwa Bienvenu, kijana wa shirika lililoleta vyombo. "Inarudi ku biro, mama. Lilongwe. Ni ya muda tu."

"Asubuhi mulisema mbele ya bageni kwamba ni ya batoto."

"Ni ya batoto, mama. Lakini stoo iko kule."

Wanaume walifunga turubai, lori likaondoka. Kankindi alibaki amesimama palepale, mkono wake wa kushoto bado umejikunja kama aliyeshika shingo ya gitaa. Benedicte aliuona mkono ule. Hakulia. Alikuwa mtu wa kukasirika kuliko kulia, na wote waliomjua walilijua hilo.

Kambini wachache walimwita Benedicte. Alikuwa Mama Merveille, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kwao Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili aliongoza kwaya ya parokia moja ya mtaa wa Kadutu, kwaya ambayo watu walipanda mlima kuja kuisikia. Vita vilimtoa huko pamoja na mume mgonjwa na watoto, na safari ndefu ikamtua hapa Dzaleka, wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Mume alizikwa hapahapa. Benedicte akajifunza kushona. Shirika moja lenye ofisi Lilongwe lilimpa cherehani katika mradi wake wa akina mama, na cherehani hiyo ikawa mume, shamba na mshahara wake.

Nyumba ya muziki haikuanza na shirika. Ilianza na mazishi. Raphaël, aliyeimba tena, ile sauti ya juu ya wanaume, katika kwaya ya Benedicte ya kambini kwa namna iliyofanya wazee wafunge macho, alikuwa amemaliza sekondari na kukaa. Kufanya kazi nje ya kambi hakuruhusiwi bila kibali, na ndani ya kambi kazi hakuna. Alikaa mwaka, akakaa mwingine, kisha akaanza kunywa kachasu, ile pombe kali inayopikwa uani, kwanza jioni, baadaye tangu asubuhi. Walimwokota mtaroni akiwa ameshakufa. Kaburini mhubiri alisema kwamba vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Benedicte alivumilia hadi kaburi lilipofukiwa, kisha akamfuata yule mhubiri njiani.

"Pasta, umesema nidhamu."

"Ndiyo, mama."

"We na mi, tulimupa huyu mutoto nini ya kufanya? Niambie kitu kimoja."

Mhubiri alisema atamwombea, akaendelea na njia. Kesho yake Benedicte aliisukuma cherehani ukutani, akatandika mikeka, na kuwaita vijana wote wa mtaa waje kujifunza kuimba kwa nota.

Walikuja kwa mzaha, wakabaki kwa dhati. Majirani walilalamika kelele. Chumba kikawa kidogo. Ezechiel, seremala kutoka Fizi, mzee mwenye maneno machache na vidole vilivyokatika ncha, aliwachongea ngoma za gogo na kutengeneza gitaa kwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Ndipo vijana wakasema wajenge. Walifinyanga matofali kwenye bonde, wakayachoma, wakayabeba kichwani mmoja mmoja na kwa makundi, wasichana na wavulana. Mabati waliyapata kwa kuimba harusini: aliyeoa na hakuwa na cha kuwalipa alitoa bati moja, na ndiyo maana paa lile hadi leo lina mabati ya kila rangi na kila umri.

Nyumba ilipokwisha ndipo shirika likaja, lilelile la cherehani, safari hii na kamera. Aliyelileta alikuwa Bienvenu. Benedicte alimkumbuka akiwa mtoto wa kamasi, akishika sketi yake kwenye mazoezi ya kwaya, akiimba sauti ya pili bila kufundishwa. Alisoma, akapata diploma, akapata kibali na kazi ya kalamu mjini. Benedicte alijivunia kijana huyo kama aliyemzaa. Ndiyo maana alimfungulia mlango bila kuuliza maswali mengi. Shirika lilipigilia kibao ukutani, jina lake kubwa juu, na chini kwa herufi ndogo: kituo cha muziki cha vijana. Likaahidi vyombo. Na vyombo vikaja kweli, na wageni wafadhili wakaja pamoja navyo, picha zikapigwa, na kabla ya chakula cha mchana lori likavirudisha vyote Lilongwe.

Mwanzoni Bienvenu alikuwa na sababu za vyombo kutorudi. Alisema madirisha hayana nondo, wezi wataingia. Ezechiel aliokota vyuma vikuukuu, akavichomelea kwa rafiki yake na kuweka nondo. Bienvenu akaja kukagua, akasema nondo ni nzuri, ila vumbi litaharibu kinanda, inatakiwa dari. Benedicte na wasichana walishona magunia ya mahindi, wakayapaka chokaa, wakapata dari. Bienvenu akaja tena. Safari hii hakuangalia juu wala pembeni, aliangalia viatu vyake.

"Mama, banasema inahitaji mutu wa kusimamia. Mwenye cheti."

"Cheti ya nini?"

"Ya usimamizi wa vyombo."

"Bienvenu. We ulijifunza kuimba kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Nilikuonyesha cheti?"

Bienvenu aliinua kikombe. Alikunywa maji aliyopewa, akasema zikomo, asante ya huku, kwa watoto waliokuwa mlangoni, akapanda kabaza hadi barabarani, na baiskeli ile ikapotea kati ya vibanda vya nyanya. Benedicte alibaki akiangalia dari yake ya magunia, na hasira yake, ambayo mpaka hapo ilikuwa ya kulipuka na kuzimika, ikaanza kukaa.

Aliomba ruhusa ya kutoka kambini kwenda kununua nyuzi na zipu, kwa sababu hiyo ni sababu inayokubalika. Alinunua katika soko la Tsoka, Lilongwe, kwa haraka, bila hata kubishana bei, na muuza zipu akamshangaa. Kisha akapita mtaa wa Kawale kwa miguu. Alipita mbele ya kibanda kilichokuwa duka la binamu yake kabla wakimbizi wa mjini hawajaamriwa kurudi kambini. Sasa kulikuwa na mtu mwingine akiuza chaji za simu. Hakusimama. Aliendelea hadi kwenye mtaa wenye nyumba za kuta ndefu, ambako ofisi ya shirika ilikuwa ndani ya bustani iliyomwagiliwa maji.

Walimkalisha kwenye kiti cha ngozi. Ukutani mbele yake kulikuwa na kalenda ya shirika, na kwenye kalenda alikuwepo Kankindi. Ameinamia gitaa, macho kafumba, jua la dirishani limemwangukia shavuni. Chini kulikuwa na maneno ya Kiingereza, na Kiingereza cha Benedicte, ingawa cha kukwaruza, kilitosha kuyasoma: muziki kila siku, tumaini kila siku.

Benedicte aliyasoma mara ya pili. Kankindi alikuwa ameshika gitaa lile asubuhi moja tu.

Mkurugenzi alitoka mwenyewe kumpokea. Alikuwa mama wa makamo, msafi, mwenye sauti laini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliagiza chai. Bienvenu aliitwa kutafsiri, akakaa katikati yao.

"Mwambie," Benedicte alisema, "bale batoto balijenga ile nyumba na mikono yabo. Tuliweka nondo. Tuliweka dari. Sasa nataka vyombo, ao nataka picha ya yule binti itoke ku ukuta."

Bienvenu akamgeukia mkurugenzi na kusema kwa Kiingereza kizuri kwamba mama anashukuru sana kwa msaada wote, na anauliza kwa unyenyekevu kama kuna tarehe iliyopangwa.

"Hapana," Benedicte alisema. "Sijasema vile."

Mkurugenzi aliwatazama kwa zamu. Bienvenu aliweka kikombe chini.

"Sijasema ninashukuru. Sijasema unyenyekevu. Sema yenye nilisema, ao nitasema mi mwenyewe na kile Kiingereza yangu ya sokoni."

Akasema mwenyewe. Kiingereza kilimtoka vipande vipande, lakini vipande hivyo vilitosha. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho, bila kukunja uso, na jambo hilo lilimuudhi Benedicte zaidi kuliko kama angepigiwa kelele.

"Mama," mkurugenzi alisema, "vyombo vile ni vya thamani kubwa. Tunajua mazingira ya kambi. Tunafikiria usalama wenu."

"Munaogopa tutaibiwa," Benedicte aliuliza, "ao munaogopa tutaiba?"

Mkurugenzi alitabasamu kidogo na kusema kwamba wafadhili wanakuja tena hivi karibuni. Siku ile ikienda vizuri, na vijana wakionekana na furaha, basi jambo hili litazungumzwa upya. Chai ilikuwa haijaguswa. Benedicte aliinuka. Bienvenu alimsindikiza hadi mlangoni, akamwomba radhi kwa kunong'ona, "Mama, unipe paradon. Mi niko mutu wa kutumwa tu." Benedicte alimtazama yule mtoto wa sauti ya pili. Alitaka kumpiga kofi na alitaka kumuuliza kama amekula. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Vijana walipopata habari walisema, kwa hasira ya ujana, kwamba wageni wakija wakute nyumba imefungwa. Wasipate hata picha ya mlango. Benedicte naye alikuwa na wazo hilohilo njia nzima kutoka Lilongwe, na alikuwa karibu kulikubali, mpaka Kankindi aliposema, taratibu, akiwa ameshika lile gitaa la debe.

"Mama, mi nataka niiguse tena. Hata kama ni siku moja."

Hakuna aliyemcheka. Benedicte aligeuza uso, akajifanya anatafuta sindano. Aliona haya kwa niaba ya watu wazima wote wa dunia hii, waliomfanya msichana aombe kugusa gitaa kama anayeomba kumuaga maiti. Aliporudisha uso alikuwa ameshajua atakalofanya.

"Mutaigusa," alisema. "Na mukishaigusa, musiache kuimba. Lori ikija, imbeni. Bienvenu akisema basi, imbeni. Hata mi nikisema basi, musinisikilize."

Siku ya wageni ilikuwa ya jua kali. Lori lilitangulia. Vyombo viliteremshwa, kila kijana akapewa chake na kuonyeshwa pa kukaa. Mkurugenzi alikuja akiwa amevaa kitenge ili kuheshimu mahali. Wageni walikuwa wanne. Walitazama dari ya magunia na kuisifu, na mkurugenzi akakubali sifa hizo. Vijana waliimba nyimbo mbili fupi, wageni wakapiga makofi. Kisha Benedicte akasimama mbele, akainua mikono, na kwaya ikaanza wimbo wa tatu.

Ulikuwa wimbo wao wenyewe, wa kuitikiana, ambao hauna mwisho usipoamua kuumaliza. Mwimbishaji hutaja alikotoka, wenzake huitikia, "na sasa niko hapa." Merveille alianza kwa kutaja Kadutu. Akafuata mwingine wa Uvira, mwingine wa Baraka, mwingine kutoka kilima kimoja cha Burundi. Ngoma ziliingia. Wageni walitabasamu, wakarekodi kwa simu. Wimbo ukaendelea. Watu wa mitaa ya jirani, waliosikia ngoma kubwa kuliko za siku zote, walianza kusogea, wanawake na ndoo vichwani, wanaume waliotoka kucheza bao, na kila aliyefika alisikia kwao pakitajwa akaitikia.

Mkurugenzi alitazama saa. Alimpa Bienvenu ishara. Bienvenu akamwendea Benedicte na kumwambia sikioni kwamba inatosha, wageni wana safari.

"Baambie batoto," Benedicte alisema. Akashusha mikono na kuikunja kifuani.

Bienvenu aliwageukia vijana, akasema, "Basi, basi, aksanti." Vijana wakamwitikia kwa wimbo. Wageni, ambao hawakuona ustaarabu kuondoka watu wakiimba, walisimama wima kwa muda, kisha wakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo hadi kwenye magari yao, wakipunga mikono, na mikono ya vijana ilikuwa na kazi, haikupunga. Magari yakaondoka, mkurugenzi akabaki. Hakuna mgeni aliyeuliza kwa nini lori lilikuwa limefunguliwa turubai, likingoja.

Wale wanaume wawili wakaingia ndani. Wa kwanza alimfikia Kankindi tena. Kankindi aliendelea kupiga, akimtazama usoni. Yule mtu alinyoosha mkono kwenye mkanda, akaurudisha. Ni rahisi kumvua mtu gitaa akiwa amenyamaza. Akipiga, na watu mia wakiitikia, inabidi umnyang'anye, na yule mtu hakuwa mnyang'anyi. Alitoka nje akamtazama dereva.

"Chukueni," mkurugenzi alisema. Sauti yake haikuwa laini tena.

Dereva alikuwa Mmalawi wa umri wa Benedicte, mtu wa kimya aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya lori akila nsima, ugali wa huku, aliyopewa na majirani. Alinawa mikono, akaja hadi mlangoni, akatazama ndani. Akamwambia Benedicte, "Pepani, amayi," kama anayempa pole ya msiba. Kisha akamgeukia mkurugenzi na kusema kwa Kichewa, kwa sauti iliyosikika, kwamba yeye aliajiriwa kuendesha gari, kubeba mizigo, na kuwa na heshima. Kuwapokonya watoto vitu mikononi hakumo. Alifunga turubai, akaingia garini, na lori likaondoka tupu.

Mle ndani hawakuacha kuimba. Waliogopa kwamba wakiacha tu, mtu atarudi.

Mtu alirudi, ila si kwa lori. Shirika liliitisha kikao na viongozi wa kambi. Mkurugenzi alisema neno wizi. Benedicte alisimama akauliza vyombo vilivyoletwa mbele ya mashahidi, vikaitwa vya watoto, vikapigwa picha kama vya watoto, vinaibwaje na watoto. Léonidas, mzee Mrundi aliyewakilisha mtaa wao, aliuliza swali hilohilo kwa maneno yake, na wengine nao wakaliuliza. Kikao kilikwenda hadi watu wakachoka. Mwisho wakakubaliana nusu: kinanda na spika vilirudi Lilongwe, magitaa na ngoma vikabaki. Benedicte mwenyewe alikifunga kinanda kwa blanketi ili kisikwaruzwe njiani.

Kibao kiling'olewa ukutani. Baada ya mwezi walikuja kuchukua pia cherehani, wakasema mradi wa akina mama umefanyiwa mabadiliko. Haukuwa umebadilishwa kwa mama mwingine yeyote. Siku hizi Benedicte anashona kwa mkono, au anaazima mashine ya jirani wakati mwenyewe ameenda kanisani. Macho yanamuuma. Watu wengine humwambia kwamba angenyamaza angekuwa na cherehani yake leo, nao wanasema kweli, na kila anapoisikia kweli hiyo anakasirika upya.

Nyumba hufunguliwa kila siku baada ya shule. Kankindi anafundisha wadogo gitaa. Ni mkali kupita Benedicte. Walipoanza kufika watu wapya waliokimbia Bukavu na Uvira, watoto wao waliletwa pale kabla hata hawajapata pa kulala vizuri, na baadhi yao walitaja kwao katika ule wimbo huku machozi yakiwatoka, wenzao wakawaitikia.

Bienvenu hakuongezewa mkataba. Alikuja Jumapili moja, amekonda, akakaa kwenye mkeka bila kuambiwa. Benedicte alimpakulia nsima na maharage.

"Mama, mulishinda," alisema baada ya kula.

"Tulishinda nini?" Benedicte hakuacha kushona. "Kinanda iko kule ndani ya blanketi yangu. Picha ya Kankindi iko ku ukuta yabo. Batoto bawili ba kwaya bamerudia kunywa. Mi nashona na vidole. Usiniambie tulishinda, Bienvenu. Tulichukua yenye ilikuwa ya kwetu, na bakatulipisha."

Bienvenu alisukuma sahani kando. Ndani ya nyumba ya muziki vijana walikuwa wakifanya mazoezi, na sauti za tena zilikuwa zikiteleza chini ya nota, kama zilivyoteleza tangu mwanzo, kwa kumkosa Raphaël. Wote wawili walisikia. Bienvenu alikunja uso bila kujijua.

"Batena bako na shida," Benedicte alisema. "Kuja kesho, ubashike, ubafundishe."

"Umenisamehe, mama?"

"Sijasema vile," alijibu, akakata uzi kwa meno.